Kabla ya Kununua Taa ya Baiskeli, Tafuta Utakapoichaji

Musienene, kwenye milima ya Lubero huko Kivu Kaskazini, iko jirani kabisa na mstari wa Ikweta, na jua la Ikweta halina msimu. Mwaka mzima linazama karibu saa kumi na mbili jioni, likipishana kwa robo saa au zaidi kidogo mbele au nyuma, na likishazama halibembelezi: nusu saa baadaye barabara ni nyeusi. Asubuhi nayo ni hivyo hivyo. Mama anayepakia kabichi na karoti kabla ya alfajiri ili awahi soko la Butembo, muuguzi anayetoka zamu ya hospitali, mwalimu anayemaliza shughuli zake mjini na kuirudia milima, wote hukutana na giza kila siku ya kazi, Januari hadi Desemba. Ulaya mtu anaweza kununua taa ya baiskeli mwezi wa kumi, kisha akaisahau kabatini ifikapo mwezi wa nne. Kwetu taa inahesabiwa pamoja na breki na mnyororo.

Ajabu ni kwamba tunapofika sokoni, swali letu la kwanza huwa moja tu: inawaka sana? Muuzaji anaielekeza kwenye ukuta wa duka mchana kweupe, inatoa duara jeupe, tunalipa. Wiki ya pili taa inakaa mfukoni imezimika, na mwenyewe anaendesha kwa mwanga wa simu aliyoing'ata kwa meno. Taa haikuharibika. Imekosa chakula. Ushauri wangu katika makala haya ni kulianza jambo upande wa pili: jua kwanza umeme wako utatoka wapi na ni kiasi gani, kisha nunua taa inayotoshwa na umeme huo. Taa ya wastani inayowaka kila jioni inakulinda kuliko taa kali inayowaka mara mbili kwa wiki.

Hesabu ya umeme wako

Kwa miaka mingi Butembo ulikuwa mji wa jenereta. Umeme wa maji umeingia polepole: mtambo mdogo wa Virunga pale Mutwanga, upande wa Beni, ulianza kazi mwaka 2013, na baadaye mitambo mingine ikafuata, hadi mitaa kadhaa ya Butembo na Beni ikaunganishwa. Lakini ukitoka mjini na kuifuata Barabara ya Taifa Namba 2 kuelekea Lubero, nyumba nyingi bado zinaishi kwa paneli ndogo ya sola juu ya bati, au kwa kupeleka simu kwenye kibanda cha kuchaji. Basi kila msomaji ajiulize: mimi ni wa waya, wa sola, au wa kibanda? Jibu hilo ndilo linalochagua taa.

Kipimo cha kutumia ni wati-saa. Taa ya wati 1 ikiwaka saa 1 imekula wati-saa 1. Chukua mtu anayekuwa gizani saa moja na nusu kwa siku, asubuhi na jioni zikijumlishwa. Taa yake ya mbele ya wati 1 inakula wati-saa 1.5. Ya nyuma, ambayo haifiki hata theluthi ya wati, inakula kama 0.5. Jumla ni wati-saa 2 kwa siku, yaani 12 kwa siku sita za kazi. Sasa tazama simu: betri ya miliampea-saa 5,000 inabeba karibu wati-saa 19. Maana yake ni kwamba taa zote mbili, kwa wiki nzima, zinakula chini ya chaji moja ya simu kubwa. Anayesema hana umeme wa taa huku simu yake inajaa kila siku, tatizo lake si umeme.

Mgeuze mtu huyohuyo, umpe tochi kali ya wati 5 ambayo haizimi hatua ya juu. Anakula wati-saa 7.5 kila siku kwa taa ya mbele peke yake. Betri moja nzuri ya tochi inabeba kama wati-saa 9 au 10, kwa hiyo lazima aichaji kila siku bila kukosa. Siku kibanda kimefungwa, au mvua imenyesha kutwa na sola haikupata kitu, anarudi gizani. Hapo ndipo taa kali inapomtupa mwenyewe.

Kuzigeuza tarakimu za betri kuwa wati-saa ni rahisi. Kwa betri ya lithiamu, zidisha miliampea-saa kwa 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya 2,600 inakupa 9.6. Andika hesabu hiyo nyuma ya daftari kabla hujaenda dukani.

Jua kilichomo tumboni mwa taa

Taa zinazofanana kwa sura huwa na betri za tabia tofauti kabisa, na wengi huziua betri zao kwa kuzitunza vizuri kwa kanuni isiyozihusu.

Ya kwanza ni ile tochi ya plastiki yenye meno mawili yanayochomoza nyuma ili uichomeke moja kwa moja ukutani. Nyingi kati ya hizo zina betri ndogo ya volti 4 ya risasi na asidi, ya jamii moja na betri ya gari. Betri hii inachukia njaa. Ukiiacha imeisha kwa wiki mbili, inajenga chumvi ndani na huenda isijae tena. Ichaji kila baada ya kuitumia, hata kama umeitumia dakika kumi, na ikikaa bila kazi ichaji angalau mara moja kwa mwezi. Kwa mtu wa kibanda, anayechaji mara moja moja, tochi ya namna hii haifai. Itakufa kabla ya msimu kuisha.

Ya pili ni lithiamu: ile betri ya mviringo iliyoandikwa 18650, au ile bapa iliyofanana na ya simu. Hii haina haja ya kumalizwa kabla ya kuchajiwa. Unaweza kuiongezea kidogo kidogo kila unapopata nafasi, na inapenda hivyo. Ukitaka kuiweka muda mrefu bila kuitumia, iache na nusu ya chaji. Adui zake ni joto na kuachwa tupu. Ndiyo inayomfaa mtu wa sola na mtu wa kibanda.

Ya tatu ni betri ndogo za kuchajika za nikeli, za umbo la betri za redio, zenye volti 1.2 kila moja. Ni imara na hazina hatari kubwa, lakini zinataka chaja yake maalumu. Usithubutu kuweka betri kavu za kutupwa ndani ya chaja hiyo. Zinavuja na zinaweza kupasuka. Betri kavu zenyewe tuziachie taa ya nyuma, ambako jozi moja ndogo inaweza kudumu makumi ya saa. Kwenye taa ya mbele zitakula pesa yako polepole bila wewe kuona.

Mezani kwa muuzaji

Wafanyabiashara wa Butembo wana sifa ya miaka mingi ya kuleta mali kutoka Dubai na China, na mizigo yao hupita mpakani Kasindi hadi kwenye meza za mji. Ndiyo maana taa unayoiona Butembo inaweza kuwa ileile inayouzwa Kampala au Nairobi, ikiwa nzuri au mbovu vilevile. Kazi yako ni kuchuja.

Usiamini namba kubwa. Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni, na balbu za LED za bei ya kawaida hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Taa iliyoandikwa lumeni 10,000 ingehitaji basi wati 100, na betri yake ya wati-saa 9.6 ingemalizika kabla ya dakika sita. Muuzaji akikuambia, "Papa, hii ni elfu kumi, inafika mpaka ng'ambo ya kilima," mjibu kwa heshima kwamba wewe unatafuta ya mia mbili inayofika nyumbani.

Namba za betri nazo zidadisi. Betri ya kweli ya 18650 haizidi sana miliampea-saa 3,500 hata iwe bora kiasi gani. Iliyoandikwa 9,900 inadanganya, na mara nyingi haifiki hata 1,000. Mkono wako ni mizani: betri ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Ukiishika na kuiona nyepesi, irudishe. Mafundi wengine huziokoa betri hizi kutoka kwenye kompyuta zilizokufa, na si vibaya, mradi fundi akupimie mbele yako. Ikikutwa chini ya volti 2.5, kataa. Ikichajiwa hadi 4.2 na baada ya wiki bado iko juu ya 4.1, ina maisha.

Kisha bonyeza kitufe mara nyingi. Taa inayofaa ina hatua mbili au tatu za mwanga, na inakubali kubaki kwenye hatua ya chini. Zile zinazokulazimisha kupita kwenye mwanga wa kupepesa kila unapotaka kupunguza zitakuudhi, na zitamshtua anayekuja mbele yako. Uliza kama betri inatoka. Betri inayotoka inakupa nafasi ya kuwa na mbili, na ikichoka unabadilisha betri badala ya taa nzima. Tazama tundu la kuchajia: liwe la waya unaopatikana kila mahali, na liwe na kifuniko cha mpira kinachofunga vizuri. Taa nyingi za bei nafuu zenye tundu jipya la mviringo, lile la aina ya C, hazichajiki kwa waya wenye kichwa hicho pande zote mbili. Zinataka waya wenye kichwa cha zamani, kile kipana, upande wa chaja. Omba ijaribiwe palepale, uone kitaa cha chaji kikiwaka, ndipo utoe pesa.

Ya nyuma itangulie

Ukiwa na pesa ya taa moja tu, nunua nyekundu. Wengi watabisha, kwa sababu taa ya mbele ndiyo tunayoiona sisi. Lakini piga hesabu. Lori la mizigo linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akikuona ukiwa mita 50 mbele yake, ana sekunde tatu. Akikuona mita 150, ana tisa, na hizo zinatosha kupunguza mwendo na kukupisha. Mbele yako unaweza kushuka na kusukuma. Nyuma huna macho.

Katika mji wa Odense, Denmark, mwaka 2004 na 2005, watafiti waligawa taa zinazowaka muda wote, mchana na usiku, kwa sehemu ya kundi la waendesha baiskeli 3,845. Ajali zenye majeruhi kwa waliokuwa na taa hizo zilikuwa chini kwa asilimia 19 kuliko kwa wenzao. Na huko kuna taa za barabarani na lami. Kwetu, kwenye vumbi na ukungu wa asubuhi wa milima ya Lubero, sidhani kama faida ya kuonekana ni ndogo kuliko hiyo.

Tatizo la kwetu ni mzigo. Gunia la makaa au viazi linafunika taa iliyofungwa chini ya kiti, na mwenyewe anapanda mlima akiamini anaonekana. Taa ya nyuma ifungwe mwisho wa mzigo, na kwa kuwa tunapita upande wa kulia wa barabara, ikae ukingo wa kushoto, upande ambao gari litakupita. Tumia kipande cha mpira wa ndani wa tairi kuifunga, kisha mwombe mtu arudi nyuma hatua ishirini akuambie anaona nini. Chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma mizigo, ni hivyo hivyo, tena zaidi, maana iko chini na mbao zake zina rangi ya barabara.

Wekea pia utepe unaoakisi mwanga, ule unaobandikwa kwenye malori. Hauli umeme hata kidogo. Kipande nyuma ya mzigo, kingine kwenye kila kanyagio, kingine kwenye spoku au mguu wa chukudu ili aonekane anayekatiza barabara. Kanyagio zinapopanda na kushuka, dereva anatambua mara moja kuwa mbele yake kuna mtu wa baiskeli.

Usiku, taa ya nyuma iwake bila kupepesa. Mwanga uliotulia unamwezesha dereva kukadiria umbali. Kama unazo mbili, moja itulie na nyingine ipepese. Na rangi zisibadilishwe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977, unataka baiskeli ioneshe nyeupe au njano mbele na nyekundu nyuma. Mantiki yake iko wazi: rangi inamwambia dereva kama unakuja au unakwenda. Nyekundu mbele inamdanganya.

Mwanga wa mbele na mwendo wako

Kwenye tambarare, kwa kilomita 20 kwa saa, unasonga mita 5.6 kila sekunde. Mpaka ubongo uone shimo na mkono ushike breki, umeshakwenda mita 8. Breki za fito kwenye changarawe zitakula nyingine 6 au 8. Kwa hiyo unahitaji kuona mita 15 mbele, na taa ya lumeni 100 hadi 200 yenye mwanga uliokusanywa inatosha. Ukishuka mlima kwa kilomita 30, umbali huo unakuwa kama mita 30, yaani maradufu. Hapo kuna njia mbili: kupandisha taa hatua ya juu kwa dakika chache za mteremko, au kupunguza mwendo. Mwenye mzigo achague ya pili daima. Ukipanda kwa kusukuma, shusha taa hatua ya chini kabisa. Hivyo ndivyo betri inavyofika Jumamosi.

Macho nayo yana chaji yake. Yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali usio wa lazima unayarudisha nyuma. Ielekeze taa chini ili kitovu cha mwanga kiguse ardhi mita 8 hadi 10 mbele ya gurudumu. Ikiwa inawaangaza watu usoni, imekaa juu mno. Anayekuja mbele yako amepofuka, na njia ni nyembamba: mwendesha pikipiki aliyepofushwa na taa yako atakuja upande wako.

Taa ya kichwani ni nzuri kwa kutengeneza mnyororo au kutafuta ufunguo. Barabarani ina kasoro: kila unapomgeukia mtu kumsalimu, unampiga mwanga machoni. Na kwa kuwa iko karibu na macho yako, vivuli vya mashimo vinapotea, barabara inaonekana tambarare mahali isipo tambarare. Taa iliyo chini, kwenye usukani au kwenye uma wa gurudumu, inachora kivuli cha kila jiwe.

Dinamo ya babu bado ina kazi

Baiskeli nyingi nzito za zamani zilikuja na dinamo ya chupa inayobonyezwa kwenye ubavu wa tairi: volti 6, wati 3, ambapo wati 2.4 ni za mbele na 0.6 za nyuma. Ujerumani ililazimisha dinamo kwa sheria hadi mwaka 2013 iliporuhusu taa za betri. Kama huna pa kuchaji kabisa, usiitupe dinamo yako. Miguu yako ndiyo kituo cha umeme.

Magonjwa yake yanajulikana. Kwenye mvua na matope kigurudumu kinateleza. Kifute, na ukiweza kivalishe kifuniko cha mpira. Ukishuka kwa kasi balbu ya zamani inaungua, na ikiungua ya mbele, umeme wote unakimbilia ya nyuma na kuiua pia. Mara nyingi kosa liko kwenye fremu: dinamo hutumia chuma cha baiskeli kama waya wa pili, na rangi au kutu vinakata njia. Pitisha waya wa pili wa kweli na nusu ya matatizo yataisha.

Fundi wa redio anaweza kuifanya iwashe LED. Umeme wa dinamo hubadilika mwelekeo, kwa hiyo anahitaji diodi nne zilizofungwa kwa daraja, na LED ya wati 3 iliyobandikwa kwenye kipande cha alumini ili isiungue. Mwambie jambo moja: dinamo isiyo na mzigo hupandisha volti juu sana ukiwa kwenye mteremko, kwa hiyo LED isikatwe ukiwa mwendoni, na simu isiunganishwe moja kwa moja. Ukisimama, taa inazimika, kwa hiyo nyuma bado unahitaji taa ndogo ya betri.

Kuchaji bila kuua

Mtu wa kibanda ajue muda. Gawanya miliampea-saa za betri kwa uwezo wa chaja, kisha ongeza kama robo. Betri ya 2,600 kwenye mkondo wa miliampea 1,000 inataka zaidi ya saa tatu. Lakini taa nyingi hupokea 500 tu, na hapo ni zaidi ya saa sita. Ukiichukua baada ya saa moja, umelipia chaji kamili na umepata sehemu ya sita. Weka alama ya rangi kwenye taa yako isije ikabadilishwa, na omba ichajiwe kupitia chaja ya simu iliyo nzuri. Kama kibanda kinaendeshwa na jenereta, ichomekwe baada ya injini kutulia na ichomolewe kabla haijazimwa. Kupanda na kushuka kwa umeme wakati huo ndiko kunakochoma chaja.

Mtu wa sola ana kitendawili chake: jua linawaka wakati taa iko mjini na baiskeli. Kuna majibu mawili. La kwanza ni betri mbili zinazotoka, moja inafanya kazi na nyingine inachajiwa nyumbani, zikipokezana. La pili ni pawabenki inayokaa nyumbani mchana kutwa kwenye paneli, kisha usiku inajaza taa. Njia hii inapoteza robo hivi ya umeme njiani, lakini kumbuka mahitaji yako ni wati-saa 2. Paneli ya wati 5 inayopata jua zuri hutoa zaidi ya wati-saa 10 kwa siku. Hata siku ya mawingu mazito ikikupa theluthi, taa imeshiba na simu imeonja. Paneli ikae juani, ila betri, pawabenki na taa vikae kivulini. Wengi huviweka pamoja juu ya bati na kuichoma lithiamu.

Na usiku, usichaji chini ya godoro wala karibu na pazia. Betri iliyovimba haitengenezwi. Itoe kwenye taa, iweke nje mbali na nyumba, na usiitoboe. Betri zilizokufa zisiingie shimo la choo, motoni wala shambani. Zikusanye kwenye kopo na umpe fundi anayezipokea.

Mvua, matope na bariera

Mvua zetu nyingi hushuka kati ya mwezi wa tatu na wa tano, kisha kuanzia wa nane hadi wa kumi na moja. Geuza tundu la kuchajia lielekee chini. Kabla ya kuchaji kausha tundu hilo kabisa, kwa sababu maji na umeme ndani yake hula meno ya shaba haraka. Paka vazelini kidogo kwenye ncha za betri. Futa kioo kila unapofika, maana matope mekundu yakikauka yanazima nusu ya mwanga uliolipia.

Kuna jambo ambalo hakuna taa inayolitibu. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi tarehe 6 Mei 2021, na kuna njia ambazo usiku hazipitiki kwa usalama. Taa nzuri isikupe ujasiri wa kuvunja amri ya kutotembea au kupita mahali wenyeji wanapokukataza. Ukikaribia bariera ya askari, punguza mwanga, uelekeze chini, acha kupepesa, shuka na usukume. Ukiwa na taa ya kichwani, ivue kabla hujafika. Usimmulike askari usoni hata kwa bahati mbaya. Na taa yako usiizime ghafla ukiwa unakaribia, kwa sababu mwanga unaopotea gizani unatia shaka kuliko unaokuja polepole. Ukizuiwa kurudi, lala mjini.

Mpangilio wa kununua

Kwa mwenye kipato kidogo, nunua kwa awamu. Wiki hii, utepe unaoakisi mwanga. Baadaye, taa ndogo nyekundu na kipande cha mpira cha kuifungia kwenye mzigo. Kisha, baada ya kujua utachaji wapi, taa ya mbele ya lithiamu yenye hatua ya chini na betri inayotoka. Baada ya hapo, betri ya pili, kabla hujafikiria taa kali zaidi. Ukibaki na akiba, paneli ya wati 5, ambayo italisha na simu za nyumba nzima.

Chagua siku moja ya wiki, Jumapili baada ya ibada au siku yoyote usiyosafiri, ndiyo iwe siku ya kuchaji. Siku hiyo jaza betri zote, kaza vifungo, safisha vioo, na umwombe mtoto asimame nyuma ya baiskeli jioni akuambie kama nyekundu inaonekana. Asipoiona usimbishie, sogeza taa mpaka aione.